Kunusa, Kusikia Harufu na Kuitambua: Hukumu Tunayompa Punda Aliyegongwa

Tangu bodaboda zilipoongezeka katika kisiwa cha Lamu, kumezuka hukumu mpya katika baraza zetu. Punda akigongwa kichwa, kisha kwa siku mbili tatu akakataa pumba au akaonekana akitafuna gunia mahali penye majani, wenye punda husema kwa mkato kwamba "pua yake imekufa". Nimeisikia kauli hiyo Langoni, nikaisikia tena Mkunguni mbele ya ngome, na hivi karibuni jirani yangu aliitamka juu ya punda wake mwenyewe kwa uhakika wa tabibu, kisha akamvua shogi na kumwacha ajitafutie riziki jaani. Ninaona kwamba hukumu hii imekosewa, na kosa lake si dogo. Pigo la kichwa linaweza kuharibu harufu kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo hazifanani hata kidogo kwa matokeo wala kwa matumaini ya kupona. Isitoshe, kukataa chakula, ambako ndiko kunakotolewa kuwa ushahidi mkuu, hakuthibitishi hata mojawapo ya njia hizo.

Naelewa hukumu hii ilikotoka. Ugonjwa wa korona ulipoenea mwaka 2020, watu wengi walijifunza kwa mara ya kwanza kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi asisikie harufu ya kahawa wala ya udi, na wakajifunza pia kwamba aliyepoteza harufu hupoteza na hamu ya kula. Tangu hapo jambo hilo limekuwa kipimo cha kila kitu. Lakini virusi vile viliathiri zaidi utando wa ndani ya pua, hasa seli zinazozitunza seli za kunusa, ilhali punda aliyegongwa na pikipiki ameumia fuvu na pengine ubongo. Lugha yetu, kwa bahati njema, imekwisha kuifanya nusu ya kazi ya kutenganisha mambo haya. Kunusa ni tendo, yaani kuvuta hewa puani kwa makusudi. Kusikia harufu ni kufikiwa na habari yake, kama sauti inavyolifikia sikio la mtu ambaye hakuitafuta. Kuitambua ni kujua kwamba hii ni asumini na ile ni ng'onda. Kisha liko la nne, ambalo ni kujua harufu hiyo ina maana gani kwako, ya kukukimbiza au ya kukuvuta. Anayesema "pua imekufa" ameyafunga yote manne katika fungu moja.

Tuitazame njia yenyewe, kwa kuwa ramani yake kwa mamalia ni moja katika misingi yake, awe panya, kondoo, punda au mwanadamu. Chembe za harufu hunata katika utando ulio juu ndani ya pua, mahali ambapo seli za neva huzipokea kwa vipokezi maalumu. Linda Buck na Richard Axel walitangaza mwaka 1991 kwamba wamegundua ukoo mkubwa wa jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, ambazo kwa panya hukaribia 1,000, na kazi hiyo ikawapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Kutoka hapo nyuzi nyembamba za neva hupenya mfupa wenye matundu mengi kama chekeche, zikafika katika vifundo viwili vya ubongo vinavyokaa nyuma tu ya mfupa huo, ambavyo hapa nitaviita vifundo vya kunusia. Vifundo navyo hupeleka habari moja kwa moja katika gamba la ubongo la harufu na katika amigdala, sehemu inayoshughulika na hofu na hisia nyingine kali. Kuona, kusikia sauti na kuguswa hupitia kwanza katika kituo cha kati kiitwacho thalamasi kabla ya kufika katika gamba la ubongo. Harufu haina haja ya kubisha hodi hapo. Ndiyo maana inaweza kumtisha mnyama au kumtuliza haraka sana, na ndiyo maana pia jeraha lililo mbali kabisa na pua linaweza kuivuruga.

Jeraha la kwanza hutokea kwenye chekeche lenyewe. Kichwa kinapopigwa kwa nguvu, ubongo huyumba ndani ya fuvu, na zile nyuzi nyembamba zilizopita katika matundu ya mfupa hukatika kama uzi unaovutwa kwenye ncha ya bati. Kwa binadamu hali hii inajulikana tangu karne ya 19, na inashangaza kwamba mara nyingi pigo linalosababisha hasara hiyo ni la kisogoni. Hapa kweli harufu hupotea, tena inaweza kupotea yote. Lakini tuangalie kwamba kilichokatika ni waya unaoingia katika ubongo, na waya huu una tabia ambayo sehemu nyingi za mfumo wa neva hazina: seli za kunusa hufa na kuzaliwa upya maisha yote ya mnyama. Katika miaka ya 1990 Richard Costanzo na mwenzake waliwakata hamsta, wanyama wadogo wa jamii ya panya, neva za kunusia, wakasubiri zikue tena. Wanyama hao walirejewa na uwezo wa kusikia harufu, ila harufu walizofunzwa kuzitofautisha kabla ya kukatwa hawakuweza tena kuzitofautisha mpaka walipofunzwa upya. Nyuzi mpya hazikurudi zote mahali pake pa zamani, na hivyo harufu ya jana haikuwa tena na sura yake ya jana. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu lina maana kubwa kwa mtu aliye na punda mgonjwa uani. Ni kweli pia kwamba kovu likiziba matundu ya mfupa nyuzi hazipiti, na hapo hasara huwa ya kudumu.

Jeraha la pili ni la vifundo vyenyewe, na hapa ushahidi unakwenda kinyume kabisa na matarajio ya baraza. Mtafiti wa Marekani Burton Slotnick alitumia miaka mingi kuwapima panya walioharibiwa sehemu ya vifundo vya kunusia, na katika kazi aliyoichapisha pamoja na mwenzake mwaka 1998 alionyesha kwamba panya waliopoteza sehemu kubwa ya vifundo hivyo bado waliweza kusikia harufu na kuzitofautisha. Kipande kidogo kilichosalia kilitosha. Kwa binadamu limejitokeza jambo la ajabu zaidi: mwaka 2019 kundi la Noam Sobel nchini Israeli liliripoti wanawake ambao picha za ubongo hazikuonyesha vifundo vya kunusia hata kidogo, nao walikuwa wakisikia harufu kama watu wengine. Sisemi kwamba vifundo havina kazi. Mnyama akiondolewa vifundo vyote viwili akiwa mkubwa, harufu huondoka. Ninachosema ni kwamba kati ya kuumia na kutoweka kuna masafa marefu, na kwamba mfumo huu umejengwa kwa akiba nyingi kuliko tunavyoukadiria.

Vifundo vikiondolewa vyote, kinachoonekana kwa mtazamaji mara nyingi si kukosa harufu bali tabia kugeuka. Mwaka 1970 Michael Murphy na Gerald Schneider walionyesha kwamba hamsta dume aliyeondolewa vifundo huacha kabisa kumpanda jike. Panya waliofanyiwa hivyo huwa na mahangaiko na hawatulii, kiasi kwamba wamekuwa wakitumiwa katika utafiti wa dawa za sonona. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa kondoo, kwa kuwa kila mfugaji wa pwani hii ameona jinsi kondoo aliyezaa anavyomlamba mwanawe, akamjua katika muda wa saa chache, kisha akampiga kichwa mtoto wa mwenziwe anayekuja kunyonya. Kujuana huko ni kwa harufu. B. A. Baldwin na E. E. Shillito waliondoa vifundo vya kunusia vya kondoo wa aina ya Soay, wakachapisha matokeo mwaka 1974: kondoo hao walizaa na wakalea, lakini walikubali kunyonyesha hata watoto wasio wao. Umama ulibaki, uchaguzi ndio uliopotea. Mtu asiyejua angemsifu kondoo huyo kwa ukarimu, na hakuna hata mmoja barazani ambaye angesema pua yake imekufa. Na huyo ndiye ambaye pua yake haifanyi kazi kweli.

Jeraha la tatu liko ndani zaidi, katika sehemu zinazoipa harufu jina na thamani. Mgonjwa mashuhuri wa Marekani, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji mwaka 1953 ili kutuliza kifafa, akaondolewa sehemu za ndani za pande zote mbili za ubongo, pamoja na amigdala na sehemu ya mbele ya hipokampasi, sehemu inayosaidia kutunza kumbukumbu. Kumbukumbu yake iliyopotea ndiyo iliyompa umaarufu, lakini wapimaji waligundua pia kwamba aliweza kusema kuna harufu au hakuna, aliweza hata kupambanua kali na hafifu, ila hakuweza kusema harufu hii na ile ni moja au ni mbili. Kwa panya walioumizwa sehemu ya chini ya ubongo wa mbele, juu ya macho, upungufu ni wa namna nyingine: hujifunza vizuri kwamba harufu moja huleta kitu kitamu na nyingine huleta kitu kichungu, lakini mambo yakibadilishwa huchelewa sana kugeuza mwenendo. Wanasikia harufu na wanaitambua, ila wameganda katika maana ya zamani.

Hapa Lamu, ambako paka ni wengi na hawana mwenyewe, kuna mfano mwingine wa hali hii. Kimelea kiitwacho toksoplazma huzaliana kwa njia ya jinsia ndani ya matumbo ya jamii ya paka peke yake, na kwa hiyo kinapokuwa katika panya hufaidika panya huyo akiliwa na paka. Manuel Berdoy, Joanne Webster na David Macdonald wa Chuo Kikuu cha Oxford waliripoti mwaka 2000 kwamba panya walioambukizwa hawakukwepa mahali palipotiwa harufu ya paka, na baadhi yao walipapendelea. Maelezo mepesi ni kwamba kimelea kimeua pua. Maelezo hayo hayasimami, kwa kuwa panya aliyepoteza harufu asingependelea upande wowote. Harufu ya paka inamfikia; kilichobadilika ni jibu lake. Mwaka 2013 Wendy Ingram na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliona kwamba hofu hiyo haikurudi hata baada ya kimelea dhaifu walichokitumia kutoonekana tena katika ubongo wa panya. Kisha mwaka 2020 watafiti wa Geneva wakaonyesha kwamba panya walioambukizwa walipunguza hofu kwa jumla, si kwa paka tu, na kwamba mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na wingi wa vifuko vya kimelea katika ubongo. Mjadala kuhusu kama kimelea kinalenga harufu ya paka peke yake au kinalegeza tahadhari yote bado una uhai, nami nauona ushahidi wa Geneva kuwa mzito zaidi. Lakini pande zote mbili zinakubaliana kwamba mnyama anaweza kutembea kuelekea kinywa cha adui yake huku akiisikia harufu yake barabara.

Sasa tupime hoja za wanaotetea hukumu ya baraza. Ya kwanza ni nzito: punda si panya, wala si kondoo, na majaribio ya maabara ambamo kisu hukata mahali panapojulikana hayafanani na gurudumu la pikipiki linalomkumba mnyama penye kona ya uchochoro. Nakubali kwamba jeraha la ajali huwa limechanganyika, na kwamba punda mmoja anaweza kuwa na nyuzi zilizokatika, kifundo kilichovimba na ubongo wa mbele uliovilia damu kwa wakati mmoja. Lakini hoja hii ikisukumwa hadi mwisho wake inamgeukia mwenye kuitoa. Ikiwa majeraha yamechanganyika na hayajulikani, basi sababu ya kutokimbilia jina moja inazidi kuwa na nguvu, haipungui. Hoja ya pili nayo ina uzito wa kimaisha: mzigo haubebwi kwa pua. Mwenye punda wa kusomba mchanga na mawe ya matumbawe anataka mgongo na miguu, na kama mnyama hasikii harufu, shauri yake. Jibu ni kwamba punda huishi kwa pua kuliko tunavyodhani. Huwajua wenzake, hujua njia aliyopita, na dume humpima jike kwa kunusa mkojo kisha kuukunja mdomo wa juu, ile sura inayowachekesha watoto, ambayo kwa hakika ni namna ya kupeleka harufu kwenye kiungo kingine kilichofichwa chini ya pua, chenye njia yake ya pekee hadi ubongoni. Punda aliyepotewa na maana ya harufu anaweza kushtuka asiposhtuka wenzake, au akawatulia wasiopaswa kutuliwa, na hilo katika kichochoro cha upana wa mikono miwili ni suala la kazi na usalama.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa kwa sauti ya juu zaidi, ni ile ya plastiki. Husemwa: mtazame anavyokula mifuko, angekuwa na pua angejua si chakula. Hoja hii imesimamishwa kichwa chini. Mfuko uliobeba wali, maganda ya embe au samaki unanuka wali, embe na samaki, na punda mwenye pua nzima ndiye hasa atakayevutwa nao. Punda wa Lamu walikuwa wakila plastiki kabla hata ya bodaboda kuwa nyingi, na Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 bila jaa zetu kutakata. Kama kula plastiki ni dalili ya ugonjwa wa ubongo, basi nusu ya punda wa mji huu ni wagonjwa wa ubongo. Afadhali kidogo, lakini kwa kidogo tu, ni kipimo cha siki: mtu humwekea punda chupa ya siki au ya amonia puani, akirusha kichwa husema pua ingali hai, na asiporusha husema imekufa. Tatizo ni kwamba mvuke mkali wa namna hiyo huchoma, na mchomo huo husafirishwa na neva ya tano, ile inayopeleka hisia za uso ubongoni, wala si neva ya harufu. Punda asiyesikia harufu kabisa anaweza kurusha kichwa, na punda mwenye pua timamu lakini mwenye ganzi usoni anaweza kutulia tuli.

Na huku ndiko hatari ilikojificha. Punda aliyegongwa kichwa ana sababu nyingi za kutokula zisizohusu harufu. Neva inayoendesha misuli ya uso hupita juu juu shavuni, ikipondeka mdomo hulegea upande mmoja na chakula kikamdondoka. Taya linaweza kuwa na ufa, jino likawa limevunjika, koo likawa limevimba. Maumivu peke yake yanatosha, na punda ni mnyama anayeficha maumivu kuliko farasi. Vilevile hupumua kwa pua tu, hivyo pua iliyojaa damu iliyoganda humsumbua pumzi kabla ya kumsumbua harufu. Kubwa kuliko yote ni kwamba punda asiyekula hawezi kungojewa. Mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyamwaga katika damu kwa kiasi ambacho ini haliwezi kukimudu, na katika siku chache anaweza kufa, hasa akiwa mnene au jike mwenye mimba. Kwa hiyo anayesema "pua yake imekufa, mwache azoee" anaweza kumuua mnyama kwa njaa huku jeraha lenyewe lilikuwa la jino. Hospitali ya punda ipo ufukweni tangu mwaka 1987, na haikujengwa kwa ajili ya kwato peke yake.

Hata kwa yule ambaye harufu yake imeathirika kweli, matokeo ya Costanzo yanabadilisha namna ya kumtunza. Ikiwa nyuzi hukua tena na harufu hurudi na sura mpya, basi kipindi cha wiki na miezi baada ya ajali ni kipindi cha kufunza upya: chakula kilekile, mahali palepale, kwa mkono uleule, ili harufu ngeni ipate kufungwa kwenye jambo la zamani. Kumwachia jaani hufanya kinyume, kwa kuwa huko harufu mpya anazojifunza ni za mifuko. Umoja wa Afrika ulipozuia biashara ya ngozi ya punda mwezi Februari 2024, tuliambiwa, na kwa haki, kwamba mnyama huyu anapungua barani. Ni ajabu kumlinda na mchinjaji kisha kumtelekeza kwa utambuzi wa barazani.

Asiyeridhika na maneno yangu anaweza kupima mwenyewe, baada ya daktari wa mifugo kuangalia mdomo na meno, na bila kumnyima mnyama chakula. Chukua ndoo mbili zinazofanana, moja uitie pumba na nyingine mchanga, uzifunike zote kwa magunia ya aina moja yaliyokauka. Mtu mwingine azipange wewe ukiwa umegeuka, kisha yeye aondoke, kwa sababu wanyama wa jamii hii husoma miili yetu: farasi Hans wa Berlin alisadikiwa kuwa anajua hesabu hadi Oskar Pfungst alipothibitisha mwaka 1907 kwamba alikuwa akisoma vichwa vya waulizaji. Mwachilie punda, uandike ndoo aliyoiendea kwanza, ubadilishe nafasi bila mpangilio, urudie mara kumi. Akienda kwenye pumba mara tano, ni bahati nasibu. Akienda mara tisa, anasikia harufu. Na akisimama juu ya ndoo ya pumba, akanusa, akajua, kisha asile, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo.